Tamasha la Kumi na Mbili la Ndimu Kavu

Ami yangu, mdogo wake baba, alitaka kwangu jambo moja tu, na aliniomba kwa zaidi ya miaka ishirini: niende kijijini nikaione nyumba alimozaliwa baba yangu, kabla yeye ami hajafa. Kijiji kiko nyuma ya milima, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Amerat, kando ya Maskati, ninapokaa. Baba aliondoka huko kijana, akaenda Unguja, akaoa, akatuzaa, akafia hukohuko. Ami yeye alikwenda Pemba kufanya biashara ya duka, akarudi mapema, na Kiswahili chake kikabaki cha Pemba, kama alivyokichukua. Mimi nilifika Maskati miaka ya sabini na cheti cha skuli ya sekondari na sanduku moja. Tangu hapo ami akawa ananiita, kwanza kwa madereva wa mabasi madogo, kisha kwa simu. Mimi nikimjibu inshallah, na moyoni nikimaanisha hapana.

Sina udhuru, na afadhali niseme hivyo mapema. Nilikuwa na duka la spea za magari ya Kikorea Wadi Kabir, na mwenye duka hakosi sababu. Lakini kweli yenyewe ni kwamba niliona haya. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza, na nilijua nikiingia majlisi, baraza la wageni la kule, nitaulizwa mababu zangu nami sitawajua kupita watatu. Basi nikakaa na haya zangu saa mbili mbali na nyumbani kwetu.

Korea, kwa upande mwengine, nilikwenda mara tano.

Mke wangu hakuliacha lipite. "Busan unakwenda kama unakwenda chooni," akiniambia, "kwa ami yako mpaka leo unauliza njia."

Pale Busan palikuwa na muuzaji wangu wa spea, mtu mwembamba anayecheka kabla ya mzaha. Kazi yetu ilikuwa ya siku mbili, lakini yeye hakuamini kwamba mgeni amefika Korea ikiwa ameona maghala peke yake. Kila safari, tukimaliza, alinitia garini tukazunguka mashamba, wilaya baada ya wilaya, na baba yake kakaa kiti cha nyuma. Baba mtu alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu. Mimi nikimwita Mwalimu, na mwanawe akitufasiria kwa Kiingereza chake, ambacho kilitosha kwa gia na breki na kwa historia kilikuwa taabani.

Wilaya za kule zina desturi moja. Kila moja imechagua kitu chake, na kila mwaka wanakifanyia tamasha la siku tatu au nne, jukwaa, vipaza sauti na hotuba. Nimeona tamasha la dagaa. Nimeona tamasha la matope, watu wazima wenye kazi zao wanajipaka tope la pwani na kusukumana kwa heshima. Nimehudhuria tamasha la vipepeo siku ya mvua. Vipepeo walikataa kuruka, na maofisa wa wilaya waliovaa tai wakawa wanawatikisa kutoka kwenye visanduku huku mkuu wa wilaya akiendelea kuhutubia juu ya uzuri wao. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na Mwalimu akaniangalia kama aliyenishika nanakili mtihani.

Baina ya tamasha na tamasha Mwalimu alinishusha kwenye makaburi. Wafalme wao wa zamani wamezikwa chini ya vilima vya majani vilivyochongeka vizuri kama bakuli lililofudikizwa. Alinionyesha ngome iliyobaki ukuta mmoja, akanieleza vita vyao na Wajapani wa miaka mia nne iliyopita, na akawa bado ana hasira navyo. Kisha akanionyesha kitabu cha ukoo wao, kinene, kimeandikwa mababu thelathini na kitu, kila mmoja na kijiji chake. Kule mtu huulizwa ukoo wake umeanzia wilaya gani, hata kama yeye amezaliwa ghorofa ya kumi na nne mjini.

"Na wewe?" akauliza, daftari mkononi. "Mababu zako?"

Nikamtajia watatu ninaowajua. Kalamu yake ikabaki hewani, inangoja. Ningeweza kusema basi, nimeishia hapo, kwa waliobaki muulize ami yangu. Badala yake nikaendelea. Majina yaliyonijia yalikuwa ya walimu wangu wa skuli Unguja, nikayapanga moja baada ya moja, mwalimu wa jiografia akawa babu wa nne, mwalimu mkuu wa tano, na wa sita mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alikuwa Mgoa na Mkristo. Mwalimu aliandika yote kwa herufi zao na kuniamkia kwa kichwa kila jina.

Uongo wa pili niliufanya mbele ya watu wengi zaidi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika wilaya yao wenyewe Mwalimu na mwanawe, na kitu chao wao ni kitunguu thomu. Nilikuwa nimevaa kanzu, kilemba na jambia, kwa sababu muuzaji aliniomba. Tulipofika uwanjani, mtu wa itifaki aliniona, akanishika mkono akaniketisha mstari wa mbele, kulia kwa mkuu wa wilaya. Wakanivisha utepe wa hariri. Wakanipa mkasi nikakata utepe mwengine. Nikatiwa kwenye meza ya majaji wa kuchagua malkia wa thomu, na nikampigia kura bibi mmoja aliyekuwa mpishi wa jukwaani, hakuwa mshindani. Katikati ya yote haya akipita mtu aliyevaa umbo kubwa la kitunguu thomu, anawakumbatia watoto huku wao wanalia.

Ndipo mkuu wa wilaya akanigeukia akaniuliza, kwa wema kabisa, wilaya ya wazee wangu inasherehekea nini.

Baba yangu, alipokuwa hai, akisimulia kitu kimoja tu cha kijijini kwao: ndimu. Walizichemsha, wakazianika juu ya mapaa mpaka zikawa nyeusi kama makaa, zikashuka kwa ngamia mpaka bandarini Matrah. Nikasema ndimu kavu. Tamasha la ndimu kavu, siku tatu. Akauliza la ngapi mwaka huu. Nikasema la kumi.

Mkuu wa wilaya akainuka akanishika mikono yote miwili. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na karatasi mezani, wilaya yao na kijiji chetu ndugu kwa ndugu, nami nikaitia sahihi.

Nilirudi Maskati nikauweka utepe kabatini na nikalisahau jambo lile. Baada ya miaka miwili ikaingia faksi dukani. Walikuwa wanakuja, watu sita, Mwalimu na mwanawe wamo, siku ya Alhamisi, kuhudhuria tamasha la kumi na mbili.

Mke wangu alikaa kitako akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Kisha akaacha ghafla akasema, "Sasa mpigie."

Nilikuwa sijampigia ami tangu Idi mbili zilizopita.

"Nani kafa?" ndivyo alivyopokea.

"Hajafa mtu, ami. Nna wageni."

"Wa wapi?"

"Wakorea. Wanataka kuja huko kuona tamasha la ndimu."

"Huku hakuna mndimu hata mmoja, mwanangu. Yaliingia maradhi, ikafa yote. Lini kulikuwa na tamasha?"

"Nimewambia hili la kumi na mbili."

"Na yale kumi na moja yako wapi?"

"Hayakuwapo, ami."

Nilikuwa tayari kwa maneno yoyote, na nilistahiki yote.

"Utakuja nao wewe mwenyewe?" akauliza.

"Ntakuja."

"Basi tamasha lipo."

Siku zilizobaki nilihangaika kama mwenye harusi. Bango la kitambaa lilichorwa na Mhindi mmoja wa Wadi Kabir, mchoraji wa vibao vya gereji, na kwa mazoea yake akaweka spana pembeni. Tukamwambia aigeuze ndimu, ikatoka spana ya kijani. Ndimu zenyewe nilizinunua Matrah sokoni, magunia manne. Aliyeniuzia akaniambia zimetoka ng'ambo. Hivyo nikapakia ndimu za watu nikazitanguliza kwa dereva wa basi dogo, ziende katika kijiji ambacho zamani ndicho kilichokuwa kikizileta pale sokoni.

Njia niliijua kwa kuuliza mara tatu, na Wakorea sita wako nyuma yangu wanatazama.

Ami alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya baba yangu, kajifunga jambia la babu yetu. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji tamasha. Nyuma yake kijiji kizima kilikuwa kimetoka, wanaume wamejipanga na ngoma na panga za kuchezea razha, na ndimu zilizotangulia juzi zimeshaanikwa juu ya kila paa, kama zimekaa hapo tangu enzi. Mzee mmoja alimweleza ofisa wa kilimo wa Kikorea jinsi mavuno ya mwaka huu yalivyokuwa mazuri. Alisema kwa uhakika hata mimi nikafurahi.

Ofisa huyo, mtu wa miaka hamsini na miwani, alikuja na lile umbo la thomu ndani ya sanduku. Akalivaa. Watoto walikimbia, kisha wakarudi, kisha mbuzi wakaja. Lile umbo lilikuwa na majani ya kitambaa kichwani, na mbuzi wa kijijini hawakuwahi kuona jani linalotembea. Walimfuata mtaa mzima. Yeye alidhani ni sehemu ya sherehe, akawa anawapungia mkono. Ngoma zikaongeza kasi.

Baada ya kahawa na haluwa tukakaa majlisi, na Mwalimu akatoa daftari. Nilipoliona nikajua. Nilitaka kuinuka nikaangalie gari.

Mwalimu akasema, mwanawe akafasiri kwa Kiingereza, na mimi nikamfasiria ami kwa Kiswahili, maana hapakuwa na njia nyengine: mgeni anaomba kuyasoma majina ya wazee wa ukoo huu mbele ya mkubwa wao, ili kama amekosea arekebishwe. Akaanza kusoma. Wa kwanza, ami akaitikia. Wa pili, wa tatu, akaitikia. Wa nne alikuwa mwalimu wa jiografia. Ami akanitazama. Majlisi nzima ikanigeukia, kwa sababu katika majlisi zetu hakuna kosa linalosikika mbali zaidi kuliko la nasaba. Mwalimu akaendelea, pole pole, kwa lafudhi yake, mpaka akamfikia Mgoa.

Nikaangalia mkeka.

"Hao ni wa upande wa mama yake," akasema ami.

Nikafasiri. Mwalimu akaamkia kwa kichwa na kuandika kitu pembeni. Kisha ami akajiweka sawa, akafumba macho, akawataja wazee wetu wa kweli, mmoja baada ya mmoja, kumi na saba, na kila jina akangoja mpaka kalamu ya mgeni imalize. Ndiyo mara ya kwanza niliyasikia. Nilikuwa na miaka hamsini na nne.

Wakati wa kuondoka akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mashimo sita na miche sita ya mindimu, bado ina karatasi za kitalu.

"Mwakani ni la kumi na tatu," akasema. "Hatutanunua Matrah. Utakuja?"

"Inshallah, ami."

Safari hii nilimaanisha ndiyo, na niliendelea kumaanisha hivyo mpaka nikafika Amerat.

Mwaka uliofuata kontena langu lilikwama bandarini. Ami akapiga simu wiki moja kabla, nikamwambia. Akasema hapana neno. Mwaka wa pili nilikuwa na harusi ya rafiki. Mwaka wa tatu sikumbuki nilikuwa na nini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kontena. Mara zote tatu alinipigia yeye. Mwaka wa nne hakupiga, na mimi, Mungu anisamehe, nikapumua.

Binti yake ndiye aliyenipigia. Ami alikuwa ameshazikwa. Nilifika siku ya tatu ya matanga, na njia sikuuliza, kwa sababu bango lilikuwa limefungwa pale panapoingia barabara ya vumbi, lina spana yake ya kijani, na namba imepakwa rangi juu ya namba, mara nne: lilikuwa limefika la kumi na sita.

Ndani ya majlisi jamaa wa maiti walikuwa wameketi ukutani wanapokea mikono. Nikajipanga foleni na wageni wengine. Nikampa mkono mtoto wa shangazi yangu, nikampa mkono jirani, na wa tatu kwenye mstari alikuwa Mwalimu, kavaa suti nyeusi na soksi, miguu kaikunja kama mwenyeji.

Baadaye binti yake ami alinieleza. Mwalimu alikuwa akija kila mwaka, mara nyengine na mwanawe, mara nyengine peke yake. Ami alimwambia mimi nna kazi nyingi nisisumbuliwe, na kwa hiyo hakunisumbua. Mwaka huu alifika na shada la thomu kama kawaida, akakuta msiba, na jamaa wakamketisha kwenye mstari, kwa sababu hawakuona pengine pa kumuweka mtu aliyehudhuria matamasha yote.

Lakini pale foleni sikujua lolote. Nilijua tu kwamba nimemshika mkono Mkorea na natakiwa nimpe pole kwa kufiwa na ami yangu. Nikampa pole.

Akasogea, akaupiga mkeka kwa kiganja kando yake, katika nyumba alimozaliwa baba yangu.

"Karibu," akasema, kwa Kiswahili, na kwa sauti ileile ya ami, ya watu wa Pemba wa zamani.

"Starehe," nikamjibu, kama anavyojibu mgeni, nikakaa.