Chupa ya Chatu

Mie mwoga wa nyoka, sifichi. Hata kamba ya kisimani ikijikunja naruka. Na Mungu kwa kunipenda akanipa mume Msukuma, mcheza ngoma, kazi yake kujivika chatu shingoni mbele ya wageni wa serikali. Chatu mwenyewe alilala kwenye sanduku la mbao chumbani kwetu Temeke, hatua tatu kutoka kitandani.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Chatu akagoma kula, akazubaa. Mume wangu alikuwa anakwenda Morogoro na kikundi siku tano, akaniachia mgonjwa wake. Aliniambia nyoka hana joto lake, huazima. Asipopashwa atakufa, nayo kazi itakuwa imekwisha. Tukapima la kufanya. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa lingetuua sie kwanza, na mwanetu alikuwa na miezi minne. Kandili ingeunguza sanduku, halafu mafuta ya taa yenyewe mpaka upange foleni. Umeme tulikuwa tunauona kwa wenzetu wa barabarani. Ikabaki chupa ya bia: maji ya moto, kizibo cha gunzi, unaiviringisha kanga kuukuu, unamwekea ubavuni asubuhi, mchana na jioni. Mtoto naye alikuwa na yake kama hiyo, miguuni.

Siku tatu niliweka. Nafungua komeo huku nasoma kila dua ninayoijua, naingiza mkono, nauchomoa, jasho linanitoka na baridi yote ile. Siku ya nne asubuhi akainua kichwa, akanigusa mkono kwa ulimi. Nikaangusha kifuniko, nikakimbilia uani. Mama wa chumba cha pili alinicheka hadi akakaa chini. Mchana nikasema potelea mbali, leo siweki. Nikaweka ya mtoto tu, nikamlaza, nikatoka kuanua nepi.

Komeo sikuwa nimelirudisha. Niliporudi chumbani sanduku lilikuwa wazi.

Alikuwa kitandani. Amejikunja juu ya chupa ya mtoto, na pingili moja nene imelalia miguu ya mwanangu. Mtoto macho kodo, anamtazama. Niliogopa, jamani, mpaka mkojo ukanitoka, wala sioni haya kusema. Nikapitisha mkono chini ya yule chatu, nikamwinua, mzito, baridi kama mtungi, nikamvuta mwanangu kwa mkono wa pili. Nikafunga mlango kwa ufunguo, tukalala kwa jirani.

Kesho yake mume wangu alirudi, akamkuta chatu ndani ya blanketi letu, mzima, amechangamka. Akafurahi sana. Akaniuliza nimempasha kwa kitu gani hata akapona vile.

Nikampa mtoto mikononi.

"Kwa huyu," nikamwambia.

Aliniangalia, akaangalia kitanda, akaliona sanduku lilivyo wazi. Alimtia chatu sandukuni, akalipeleka kwa mkuu wa kikundi, na kazi akaiacha hukohuko. Aliporudi chai ilikuwa imepoa. Hakuigusa. Alimpakata mtoto, akaanza kumsugua miguu.