Kijiko cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya vyakula vya kwetu hubeba kijiko mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapochomeka kalamu. Kitunguu hajawahi kumenya, ila akina mama wakikutana kupika, yeye hupita sufuria hadi sufuria akionja, akifumba macho, akiguna: "Mmh! Ladha ya wahenga." Asipoguna, pishi lako haliingii kwenye kitabu cha mapishi cha wilaya; mpishi mkuu wao ameshanyimwa mguno mara tatu. Jana mwenyekiti aliinamia sufuria ya pembeni, akachota, akaguna mpaka mabega yakacheza.

"Hii ifungue kitabu!"

"Baba," mpishi mkuu akasema taratibu, "hiyo sufuria tumeiloweka tuisugue."

Mwenyekiti akafuta kijiko, akamgeukia katibu wa kamati. "Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Usifute. Hata wahenga waliloweka."