Mawe Mawili ya Uani

Admin, jina langu na picha yangu zisionekane. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, fundi wa mawe. Kwetu ni Matulo lakini kazi iliniweka Kitale tangu 2004. Sijaoa. Naandikia saiba, kwa kompyuta za kulipia, na mwenye duka anapitapita nyuma yangu, kwa hivyo makosa mtanivumilia. Mtakaotaka kunitukana nitukaneni, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Kuna nyumba ya ghorofa hapa mjini, karibu na msikiti, ya mawe ya kuchonga. Ilijengwa na mfanyabiashara mmoja Mhindi kabla ya Uhuru. Watu wa Kitale mtaijua, msiitaje. Mzee alipokufa ikakaa tupu, popo wakaingia, mabati yakashika kutu. Mwaka wa 2006 mama mmoja tajiri wa Nairobi akainunua, akataka irudie hadhi yake na zaidi. Nilifanya kazi pale miezi saba. Sijisifu bure: ukuta wote wa mbele niliusugua kwa mkono, ngazi ya mvule tukaipiga msasa ikang'aa, bafu likawekwa marumaru. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia. Mimi niliyelala kwa mabati kwenye mtaa wa mabanda wa Kipsongo nikajiona mtu.

Tulipofika uani akaja mama mmoja mzee, nitamwita Bi Halima. Ujanani alikuwa mpishi wa yule Mhindi. Alisimama getini akatuambia, mimi na kontrakta aliyeniandika kazi, "Wanangu, kule kona ya nyuma mtoto wangu amelala. Alikuwa wa miaka miwili. Tajiri alikuwa Mwislamu mwenzangu, akaniruhusu nimzike hapa niwe karibu naye. Mtaona alama. Jengeni kwingine kote, hapo mpaache."

Kontrakta akaapa. Mimi nikaenda kutafuta hiyo alama. Kwetu alama ya kaburi ni msalaba, au saruji, au angalau tuta la udongo. Sikuona hata kimoja. Niliona mawe mawili tu yamesimamishwa kwenye majani, hatua moja kati yao, nikadhani ni mabaki ya waashi wa zamani. Niliyang'oa, nikayachonga, nikayatia kwenye msingi wa jiko la kuchomea nyama ambalo mama wa Nairobi alilitaka pale pale. Sikujua kwamba kwa Waislamu jiwe la kichwani na jiwe la miguuni yanatosha. Ningemuuliza tu. Alikuwa bado getini.

Nilipoendelea kuchimba msingi uliobaki nikapata mifupa midogo. Nilijua hapo hapo. Nikamwita kontrakta, mtu wa Bungoma, akatazama mara moja tu.

"Hiyo ni ya mbwa, bana. Ati tusimamishe kazi na mwenyewe anakuja kesho kuangaria? Weka kwa gunia, rori ibebe."

"Lakini yule mama si alisema..."

"Kwani ni mamako? Weka."

Nikaweka. Lori lilienda kumwaga kifusi Kiminini, kufukia mashimo ya barabara. Nimeenda mara mbili kutafuta. Magari yanapita juu.

Kazi ilipoisha Bi Halima aliomba aonyeshwe mtoto wake, maana uani kulikuwa kumebadilika, hakutambua kitu. Kontrakta akanisukuma mimi mbele. Nikamwonyesha penye nyasi, kando ya maua. Akaomba dua, akanishika mkono, akasema, "Mungu akulipe mwanangu, umemtunza ndugu yako." Tangu siku hiyo mimi ni mwanawe. Nilipougua taifodi ndiye aliyenitoa Kipsongo, akanipa chumba kwake, akaninywesha uji siku kumi na moja. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Nampenda huyu mama, nasema wazi, na kila akinitilia chai najichukia.

Sasa ni mgonjwa sana. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Anataka kitu kimoja tu: mtoto ahamishiwe makaburi ya Waislamu, naye akifa alazwe kando yake. Mama wa Nairobi amekubali, tena kwa upole. Sheikh wa msikiti alisita, maana kwao kaburi halifukuliwi ovyo, lakini aliposikia watu hufanya sherehe juu ya lile kaburi, akakubali. Watachimba Ijumaa hii baada ya swala, pale nilipoonyesha mimi.

Nimejaribu mara tatu kumwambia ukweli, nimeshindwa. Nikisema, atakufa akijua mwanawe yuko chini ya magurudumu, na aliyemtupa ndiye aliyekuwa anakula kwake. Nisiposema, watachimba wakose, na jibu ni lile lile.

Kwa hivyo juzi nilienda kwa mchinjaji nikaomba mifupa ya mwanakondoo. Nimeichemsha, nikaisugua kwa udongo mwekundu. Iko chini ya kitanda changu. Ufunguo wa geti ninao, kwa sababu mimi ndiye hurekebisha ile nyumba, na kesho hakuna mtu huko, ndipo nataka kwenda kuifukia pale. Mimi ni Mkristo, lakini najua kitu ninachotaka kufanya ni kichafu mbele ya dini yoyote. Wataiombea mifupa ya mnyama, halafu mama alazwe kando yake mpaka kiyama.

Jana aliniita kitandani. Amekata sanda ya mtoto mwenyewe, kitambaa kidogo cheupe, akanipa nimshikie upande mmoja akikunja. Akasema, "Nimeongea na Sheikh. Hata kama wewe si wa dini yetu, wewe ndiye utakayembeba mpaka makaburini. Hana ndugu mwingine."

Nikajibu, "Sawa, mama."

Leo ni Jumatano. Nishaurini jamani, Ijumaa nitambeba nani?