Rangi ya Chuma cha Mzee Buhendwa

Katika karakana ya Mzee Buhendwa, mhunzi wa Kamembe, kiberiti hakiingii. Marehemu baba yake alikipiga marufuku, na mwana hakuona faida ya kubishana na marehemu. Kila asubuhi huchukua ufito wa chuma mwembamba kama kidole cha mwisho, akaulaza juu ya fuawe, akautwanga harakaharaka huku akiugeuza. Chuma kikipigwa hivyo hupata moto chenyewe. Ncha ikiiva huigusisha kwenye karatasi, karatasi ikawaka, na kazi ikaanza.

Zamani ncha ile ilionyesha wekundu. Tangu Idi iliyopita haionyeshi. Anatwanga, anaangalia, anaona nyeusi tii, na bado karatasi inawaka. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Hofu yake kwamba macho yanakufa ilikuwa na sababu, kwani kazi yake yote ni rangi. Tindo za kupasulia mawe, anazozifua kutoka springi kuukuu za malori, lazima zizamishwe majini zikiwa na rangi ya nyanya mbivu. Zikifika rangi ya mawese zimepita kiasi, na zitakatika kama muhogo mkavu. Kwa miaka thelathini na minane alijua tofauti hiyo kuliko alivyojua sura za wateja wake. Sasa, katika miezi minne, Néhémie, mpasua mawe wa Nzahaha, alikuwa amerudisha tindo tatu zilizovunjika. Kipande cha ile ya tatu kilimchana juu ya nyusi.

“Mzee, jicho ilibakia kidogo tu iende,” Néhémie alisema, bila hasira yoyote. Mzee angeona afadhali atukanwe.

Akajiwekea hukumu: akikosea ya nne, anafunga karakana. Hakujipa tumaini: Munyemana wa gereji ya jirani alishaambiwa aje kuchukua fuawe Ijumaa baada ya swala. Alipouliza kwa nini, aliambiwa aulize mambo ya gereji yake.

Jumatano akaja Zulaikha, binti yake, fundi wa mitambo huko Bugarama. Mkononi alikuwa na kifaa cha kupimia joto, ndugu wa ile bastola tuliyolengwa nayo usoni wakati wa korona, ila hiki ni cha vyuma vya moto. Mzee alielewa. Miaka miwili binti amekuwa akimwambia apumzike, na maneno yalipokataa, ameleta tarakimu.

“Papa, leo tupime,” alisema.

Mzee akautwanga ufito, akaugusisha kwenye karatasi. Ikawaka. Zulaikha akalenga ncha ile iliyong’arishwa na nyundo: kifaa kikasoma nyuzi mia moja na arobaini.

“Mashine yako inasema baridi, karatasi inasema moto,” Mzee alicheka. “Nisikie nani?”

“Chuma yenye kungaa inaficha moto yake, Papa. Mwangaza inatoka kidogo.” Wakatwanga tena, akaipaka ncha masizi upesi, na safari hii kifaa kikasema mia nne na zaidi. Mzee hakuwa amejua kwamba hata mashine hudanganyika.

Kisha akaingiza tindo ya nne ya Néhémie kwenye makaa. Akavuta mvukuto, akangoja, akaitoa na koleo. Ngozi ya chuma ilikuwa imeungua, haina mng’ao wa kuficha kitu.

“Tomati,” alisema, akimaanisha nyanya mbivu, akageukia ndoo ya maji.

“Ngoja!” Zulaikha alilenga. “Papa, iko mia kenda na makumi tano. Ilishapita sana.”

Mzee aliogopa waziwazi, kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto wake. “Basi macho yangu ilikufa.”

Zulaikha aliikodolea tindo ile kwa macho yake ya miaka ishirini na saba. “Hata mie,” alisema polepole, “ninaona tomati.”

Wote wawili wakainua nyuso. Juu ya fuawe, katikati ya mabati yaliyokolea moshi wa miaka, lilikaa bati moja la plastiki linalopitisha jua. Zulaikha ndiye aliyelileta siku ya Idi, ili baba asijiumize gizani. Jua la saa tano lilimwagika hapo tele, na ndani yake chuma cha rangi ya mawese kilipauka kikaonekana nyanya.

Binti alipanda juu ya pipa, akalifunika bati kwa gunia la mchele. Giza la zamani likarudi. Mzee alirudisha tindo motoni, safari hii akaitoa mapema. “Hii njo tomati,” alisema, akiiona nyanya yenyewe. Kifaa kilisoma mia nane. Tindo ikaingia majini ikipiga kelele.

“Nitaitosha hiyo manjanja,” Zulaikha alisema, uso chini, akiahidi kuling’oa bati lile.

“Acha. Tutafunika saa ya kazi.”

“Miezi mine, Papa. Juu ya nini haukuniambia macho inakusumbua?”

“Ungesema nifunge.”

Zulaikha alikizungusha kifaa mikononi, akakizima. “Ni kweli,” alisema. “Nilikuya kusema vile.”

Mzee alimkabidhi koleo. Kulikuwa na tindo nyingine mbili za kufua, na Munyemana ilibidi aambiwe asije Ijumaa.