Mugure Afuata Walaji Wake

Mugure wa Elburgon hakuwa na siri yoyote duniani, isipokuwa jinsi alivyokanda unga. Kwa miaka kumi na miwili aliuza chapati na maharagwe kwenye kibanda chake mkabala na lango la kiwanda cha mbao, na wapasua mbao walimmalizia sufuria kabla ya saa saba mchana. Mdomo wake ulikuwa mkali. Ukizigeuzageuza chapati ukichagua, alikwambia nenda kachague mke kwanza.

Kisha magogo yakaanza kuja kwa kubahatisha. Kiwanda kikafanya kazi siku tatu kwa wiki, halafu siku moja, na asubuhi hakuna aliyejua kama misumeno ingenguruma au la. Unga nao ukapanda bei. Hapo Mugure akafanya kosa: akapunguza chapati kimyakimya. Eti hakuna atakayegundua! Kinyanjui, aliyeendesha msumeno mkubwa, aliinua yake dirishani.

“Mathe, kwa hii yako naona mpaka Molo.”

Kibanda kizima kikacheka. Mugure naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya kibanda akalia, maana aliona aibu. Kesho yake chapati zikarudi unene wake, lakini sasa walaji ndio waliopungua. Mwezi huo alipimwa presha, akaambiwa apunguze mawazo. Angeyapeleka wapi? Jiko likizimika, ilikuwa lazima arudi Olenguruone kwa kaka yake, akale chakula cha wifi. Na wifi huyo akikupa kijiko cha ugali, jirani wa tatu atajua.

Jumatatu moja lango halikufunguliwa kabisa. Mugure alikaa na chapati arobaini mpaka zikapoa. Jumanne alipika tena, akazifunika ndani ya ndoo, sufuria ya maharagwe akaizungushia blanketi kuukuu, vyote akavipakia kwenye wilbaro na kuisukuma hadi mtoni, ambako karoti huoshwa kabla ya kupakiwa kwenye malori. Watu walimshangaa. Ni yeye aliyezoea kusema kwamba chakula kinachomfuata mlaji kimekataliwa kwingine.

Mtoni, wanaume walikuwa wamezama hadi magotini wakisugua karoti. Aliwatambua kwa migongo. Walikuwa wapasua mbao wake, walewale walioicheka kazi hiyo. Walipomwona, mmoja aliinama, mwingine akajifanya anafunga gunia, na Kinyanjui akampa mgongo. Mugure angeweza kugeuza wilbaro arudi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaiegesha.

“Kinyanjui! Mbili na maharagwe, ama leo umeshiba maji?”

Ule mgongo ukaanza kutikisika kwa kicheko, na mwenyewe akatoka majini, mikono ikichuruzika.

“Mathe, usiambie watu umenipata hapa.”

“Na wewe usiwaambie nilikuja kukutafuta.”

Alikula akiwa amesimama, na wenzake wakatoka mmoja mmoja. Kufikia saa saba ndoo ilikuwa tupu.

“Kesho mtaosha hapa?” Mugure akauliza.

“Hata sisi hatujui,” Kinyanjui akajibu. “Inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa kule chini kwa daraja. Pengine kusiwe na kazi.”

“Sawa,” alisema, akishika mikono ya wilbaro. “Nitaulizia njiani.”