Ringi za Pinki

Kuna watu ukiwaambia kitu kina uzito fulani, wanaamini. Mizani hakuwa mmoja wao. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka, na katika miaka hiyo alishakuta gunia lililotiwa mawe, gunia lililomwagiwa maji, na siku moja, msinicheke, gunia lenye jembe zima ndani yake. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Mizani, naye akaitika bila kuona ajabu.

Asipokuwa ghalani, alikuwa juu ya baiskeli. Kila Jumapili asubuhi yeye na wenzake watano, watu wazima na vitambi vyao, waliupanda mlima wenye mnara wa simu. Njia ilikuwa ya kupandika mpaka karibu na kilele, mahali walipopabandika jina la Menoni: hatua mia mbili za mawe yaliyochongoka na kokoto zinazoteleza. Miaka mitatu mfululizo Mizani alikuwa akishuka pale na kuikokota baiskeli, wenzake wakimsubiri juu, wameshamaliza hata maji yao.

Siku alipotimiza miaka hamsini na saba, shemeji yake akampiga kijembe mbele ya watu. Huyu shemeji ni mdogo wa mkewe, mmoja wa wale watano, fundi bomba, mwenye mdomo usio na koki. Alisema baiskeli nzuri kama ile kukokotwa kila wiki ni dhuluma, heri apewe mtu mwenye miguu. Mizani angecheka tu yaishe. Wapi! Akapandisha mori, akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi atapita Menoni bila kugusa chini, na akitia mguu, baiskeli ni ya shemeji. Wakapeana mikono. Mkewe aliposikia aliwaambia wote wawili hawana akili, akarudi kwenye cherehani yake.

Kuanzia hapo Mizani akakosa raha. Mlima wenyewe hakuuogopa, mlima ameuzoea. Aliogopa kuwa yule mtu wa kukaa barazani Jumapili, anasimulia jinsi alivyokuwa akiendesha.

Fundi wake wa baiskeli alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na radio haizimwi kutwa. Aliliinua gurudumu la mbele juu, akalizungusha, akalibonyeza kwa dole gumba. Kuhusu miguu ya mteja hakusema kitu, ana adabu zake. Alisema ringi ni nyembamba mno. Tairi nene juu ya ringi nyembamba ni kama mtu mnene kwenye kigoda, likiegemea kidogo tu linapinduka upande. Apate ringi pana, tairi likae, likae kweli, halafu apunguze upepo ili mpira uyashike mawe badala ya kuyarukia. Lakini ziwe nyepesi, maana uzito wa gurudumu unausikia kila unapokanyaga.

Hapo sasa Mizani akawa kwenye fani yake. Kesho yake alirudi na mizani ndogo ya ghalani, ile ya kupimia sampuli, ameiomba kwa mkubwa wake kwa heshima zote. Ringi za kwanza zilikuwa pana na nyepesi ajabu, ila bei yake ungeezekea nyumba, na nyumba yake ilikuwa inasubiri kuezekwa kweli. Za pili zilikuwa pana na rahisi, kibandiko kinasema gramu mia tano. Aliiweka moja juu ya mizani: mia sita tisini. Alimtazama fundi, fundi akaitazama dari. Alisema hakukiandika yeye hicho kibandiko.

Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, ringi baada ya ringi, mpaka fundi akakumbuka kitu. Alipanda juu ya stuli, akavuta jozi moja iliyokuwa inaning'inia nyuma ya makaratasi. Alumini, upana wa ndani milimita thelathini na tano, matundu ya spoki thelathini na mawili, sawa na ya habu ya Mizani, kile kitovu cha gurudumu. Fundi aliigonga moja kwa ukucha, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye mizani: gramu mia nne themanini, na mwenzake mia nne themanini na tano. Bei ilikuwa nusu ya nusu.

Ilikuwa nusu ya nusu kwa sababu zilikuwa za pinki. Na si pinki ya kufifia, ni pinki ya kumulika, ya peremende. Aliyeziagiza alikuja, akaziona, akaenda zake. Tangu hapo hakuna mwanamume aliyezigusa.

Fundi alipendekeza wazipake rangi nyeusi. Mizani akauliza rangi ina uzito gani. Wakapaka kipande cha bati, wakapima kabla na baada, wakapiga hesabu: kila ringi itaongezeka gramu kama thelathini. Thelathini! Akakataa katakata. Mtu mwingine yeyote angechagua heshima yake, lakini huyu alikuwa ametafuta gramu thelathini tangu asubuhi, hawezi kuzirudisha kwa brashi.

Fundi alipomkabidhi magurudumu, spoki zimekazwa zinalia kama nyuzi za gitaa, alimpa neno moja.

"Upana huu umeununua ili upunguze upepo. Ukijaza kama zamani, umenunua rangi tu."

Nyumbani, mkewe alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akapangusa macho, akamuuliza, "Ringi umepima, spoki umepima. Na wewe je, umejipima?" Mizani akajifanya hasikii, anafuta baiskeli kwa kitambaa.

Jumapili ilipofika, shemeji alicheka vibaya zaidi. Alizunguka baiskeli mara mbili, akauliza sherehe ni ya nani. Mizani alikaza uso, wakaanza kupanda. Lakini kuna jambo alilolificha: alikuwa amejaza upepo mpaka tairi zikawa ngumu kama jiwe. Zile ringi alishazipenda, jamani. Aliogopa jiwe litagonga pembezoni na kuzibonyeza. Basi njia nzima gurudumu likawa linaruka huku na huku, sawa na lile la zamani, na alipofika chini ya Menoni kupumzika, alijua kabisa anakwenda kuikabidhi baiskeli yake.

Alisimama, akazitazama ringi, zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Akajiuliza anamtunzia nani. Akainama, akafungua vali, upepo ukatoka kwa mluzi. Akabonyeza kwa dole gumba kama fundi, akaachia tena kidogo. Halafu akapanda.

Shemeji aliacha baiskeli yake chini, akawa anakimbia pembeni kwa miguu, macho kwenye viatu vya Mizani, maana yeye ndiye mwamuzi. Na tairi likashika. Lilipita juu ya mawe likiyakumbatia, kokoto zikatulia chini yake. Katikati ya njia ringi ikagonga jiwe, kang'! Mizani aliusikia mlio ule moyoni, lakini hakusimama. Hatua kumi kutoka kileleni gurudumu la mbele likazama kati ya mawe mawili, baiskeli ikagoma, na mguu wake wa kushoto ukaanza kuondoka kwenye pedeli wenyewe.

"Kanyaga, Shemeji! Usishushe, kanyaga!" alipiga kelele mwamuzi mwenyewe.

Mizani akakanyaga. Hakujua nguvu ilitoka wapi, ila baiskeli ilijinasua, ikapanda, akafika mnarani, akalala chali chini kifua kikipanda na kushuka.

Alipopata pumzi alimuuliza shemeji yake kwa nini amepiga kelele ile, na baiskeli ilikuwa karibu iwe yake.

"Na mimi nikaonekane wapi na ringi za pinki?" alijibu, na wote wakaangua kicheko. Kicheko kilipopoa, na wengine wameanza kuchukua baiskeli zao, akakaa chini karibu naye. Akasema polepole, bila kumtazama, "Na Jumapili ningekuja na nani?"

Mizani akaigeukia baiskeli. Aliipapasa ringi ya mbele, akakuta pamebonyea kidogo, kiasi cha ncha ya kidole. Akainuka, akamsukumia shemeji yake baiskeli, akamwambia ateremke nayo yeye.

Yeye alishuka Menoni kwa miguu mpaka ilipolala baiskeli ya shemeji, nzito kama kabati, akaipanda hiyo. Mbele yake shemeji aliingia mjini na zile ringi za pinki, akapita barabara ya sokoni, ile ndefu, ingawa iko ya mkato, anapiga kengele kwa kila anayemfahamu.