Nilidhani ni mapenzi ya Werugha, kumbe damu yangu haina chuma

Wakuu, salamu kutoka Voi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikitia chumvi Wakesho atanisahihisha, maana yumo humu na hana aibu.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya haijaisha, lakini kofia ya uandishi ninayo.

Mwaka jana niliamua kuandika kuhusu ardhi. Kwenye kikundi chetu cha waandishi tulikubaliana kwamba ardhi haiandikwi na mtu aliyevaa viatu. Nikaenda Taveta kwa mjomba, nikatembea pekupeku miezi miwili kwenye mifereji ya migomba, daftari mkononi. Mjomba, aliyelima huko maisha yake yote, alivaa gumboots. Nilimhurumia.

"Mpwa wangu, vaa viatu."

"Mjomba, nataka udongo uongee nami."

"Utaongea. Ngoja."

Niliporudi nikaanza kupanda Werugha, huko milimani Taita, kila Jumamosi kumwona Wakesho. Anafuga ng'ombe wa maziwa, na kwao ni juu kabisa, mwisho wa matuta ya kabeji.

Wakuu, nikifika mlangoni moyo ulikuwa hautulii. Unakimbia, unaruka pigo, unanyamaza, kisha unapiga teke kama ndama. Naona nyota mchana.

Nikamwambia, "Wakesho, moyo huu umekuchagua."

Kikundini nilisoma kurasa kumi na mbili kuhusu pigo moja lililoruka. Makofi! Hakuna aliyeuliza kama nimepimwa. Sisi waandishi, mwenzetu akizimia tunamwomba aandike.

Nilikuwa pia na hamu ya kula udongo. Nikaiweka sura ya tano.

Siku niliyosema nataka kuleta wazee kwao, Wakesho alinivuta kope ya chini kama anayekagua ng'ombe.

"Huku ndani wewe ni mweupe kabisa. Ng'ombe wangu akiwa hivi naita daktari. Kapimwe kwanza."

"Ni mapenzi haya."

"Sawa. Na ukitibiwa moyo ukanyamaza, itakuwaje? Si ndio ulionichagua?"

Sikulala vizuri wiki hiyo.

Hapa Voi daktari alinibandika nyaya kifuani, akachukua damu, akaomba na choo. Majibu yakaja.

"Una minyoo ya safura. Iliingilia nyayoni, sasa inanyonya damu tumboni. Chuma kimeisha mwilini. Damu haibebi hewa ya kutosha, moyo unakimbia kufidia, na njiani unakosea hatua."

"Daktari, hakuna mapenzi humo?"

"Hapa hatupimi hiyo."

Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma vya miezi kadhaa, nisivinywe na chai. Mwenzangu wa kikundini akataka nimgawie, naye apate msukumo. Nikamuuliza daktari, akakataa: chuma kikizidi hurundikana, hata kwenye moyo, na mapigo yanavurugika vilevile. Kwa hivyo msimeze bila kupimwa.

Nikaanza kupona, nikaanza kuogopa. Kila wiki moyo ulitulia zaidi. Riwaya ilikufa sura ya sita. Hilo nililivumilia. Niliogopa swali la Wakesho.

Jumamosi moja nikapanda hadi mlangoni, nikajishika mapigo mkononi. Taratibu, sawasawa, kama karani anayegonga mihuri. Nilitaka kugeuka.

Wakesho akatoka na ndoo ya maziwa.

"Haya, moyo unasemaje leo?"

"Hausemi kitu."

"Na bado umepanda mlima wote huu?"

Nikapapasa mfuko kutafuta daftari. Mwandishi mzima.

Akanitwika ndoo. "Shika. Walete hao wazee. Na wote wavae viatu."

Nilichojifunza wakuu: moyo ukiruka mapigo, nenda ukapimwe kabla hujaandika. Kama kuna mwingine humu aliyetongoza akiwa na safura, ajitokeze tusaidiane.

Mjomba ameshasoma uzi huu. Ameuliza udongo ulisema nini.